Shokapu za KYB New SR Special kwenye RunX iliyoshushwa, baada ya miezi minane Mbeya

Gari ninalolitumia kila siku ni Toyota Corolla RunX ya mwaka 2004 yenye injini ya 1NZ-FE. Naishi Uyole, nashuka nalo mjini asubuhi na kurudi jioni, na kila baada ya wiki mbili nakwenda nalo Tukuyu kuwaona wazazi. Mwaka juzi nililishusha kwa milimita 30 kwa kufunga springi fupi zilizotoka Japani, kwa sababu napenda linavyokaa chini na linavyoingia kwenye kona za kati ya Isongole na Kiwira bila kulala upande. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba springi ndizo kazi yote. Tathmini hii inahusu vile nilivyolazimika kuvinunua baadaye, yaani shokapu nne za KYB New SR Special, bushi (vipande vya mpira vinavyokaa kwenye viungo) za mikono ya chini inayobeba magurudumu, linki za stabilaiza (chuma kinachozuia gari lisilale upande kwenye kona) na vipande vidogo vya mpira, pamoja na gereji ya Soweto iliyovifunga.

Wiki za mwanzo baada ya kulishusha, gari lilipendeza na sikuona tatizo lolote. Kisha nikaanza kuona kwamba likipita tuta, mbele linadunda mara tatu au nne kabla ya kutulia, na kwenye michepuko ya ujenzi wa barabara ya njia nne ya Nsalaga hadi Ifisi, ile ya kilomita 29, kila shimo lilitoa mlio wa chuma kugonga chuma, mlio ambao niliuhisi kwenye usukani na kwenye mgongo. Nilibadilisha shokapu za mbele kwa zile za bei nafuu zisizo na jina linalofahamika, na hazikumaliza miezi minne kabla ya kuanza kuvuja mafuta. Ilipofika wakati huo, tairi za mbele zilikuwa zimeliwa upande wa ndani kiasi cha nyuzi kuanza kuonekana, ilhali upande wa nje ulikuwa bado na kashata nzuri.

Sababu yake ni rahisi kuielewa mtu akilitazama gari likiwa chini. Shokapu ya kawaida imepangwa ili fimbo yake ikae karibu na katikati gari linaposimama, ipate nafasi ya kupanda na nafasi ya kushuka. Ukilishusha gari kwa milimita 30, fimbo inazama ndani kwa kiasi kinachokaribia hicho, na nafasi iliyobaki ya kupokea shimo inakuwa ndogo. Kile kipande cha mpira kinachovaa kwenye fimbo ili kuzuia mgongano kinaanza kufanya kazi kila siku, wakati kiliwekwa kwa ajili ya dharura. Tena springi fupi huwa ngumu kuliko ya mwanzo, kwa kuwa isipokuwa ngumu gari litakaa juu ya mpira huo muda wote, na springi ngumu hurudi kwa nguvu zaidi baada ya kubanwa. Kazi ya kuituliza isirudi kwa kishindo ni ya shokapu, na shokapu iliyotengenezwa kwa ajili ya springi laini haina nguvu hiyo. Ndiyo maana gari lilidunda, na ndiyo maana zile za bei nafuu zilichoka mapema.

Nilichagua New SR Special kwa sababu KYB wameitengeneza iwe na nguvu ya kutuliza kuliko shokapu ya kiwandani na wanaotumia springi fupi barabarani waweze kuifunga bila kubadilisha kitu kingine katika umbo la gari. Niliagiza kupitia duka moja la vipuri Kariakoo na mzigo ukapandishwa basi hadi Mbeya. Nilifika kituoni asubuhi, nikafungua boksi palepale. Shokapu zimepakwa rangi ya buluu, kulia na kushoto zimeandikwa, na niliposukuma fimbo ya moja kwa mikono miwili ilinishinda karibu mwishoni, kisha nilipoiachia ikapanda yenyewe polepole bila kukwama mahali popote. Zile nilizozivua baadaye, nilipozibana, fimbo ilibaki chini kama kalamu iliyotumbukizwa kwenye matope. Katika boksi hakukuwa na mauntini za juu (vikalio vinavyoishikilia shokapu kwenye bodi), vumbi kava wala mpira wa kuzuia mgongano, kwa hiyo ni lazima kuvinunua pembeni, na nashauri kuvinunua vipya, maana kuvua shokapu mara ya pili kwa ajili ya beringi ya mauntini iliyokwisha ni kulipa ufundi mara mbili.

Gereji niliyoitumia ni ndogo, haina kibao kikubwa, na inaendeshwa na mzee mmoja na vijana wake wawili. Nimekwenda kwenye gereji nyingi mjini hapa, na sijawahi kuona kazi ya bushi ikifanywa kwa uangalifu ule. Alipoushusha mkono wa chini wa kushoto aliniita, akaniinamisha, akaingiza ncha ya bisibisi kwenye bushi na kuupanua ufa uliokuwa umezunguka nusu ya mpira kwa umbo la mwezi mwandamo. Bushi hiyo ilikuwa na mwaka mmoja tu. Nilimwambia kwamba niliuziwa mbovu. Akatikisa kichwa.

"Bushi haikuwa mbovu, mwanangu. Ilifungwa gari likiwa juu ya jeki."

Akanieleza, na maelezo yake ndiyo kitu chenye thamani kubwa kuliko vyote nilivyolipia siku ile. Mpira wa bushi umegandishwa kwenye bomba la chuma lililo katikati, na bolti ikikazwa bomba hilo halizunguki tena, kwa hiyo mkono unapopanda na kushuka ni mpira unaojipinda. Ukikaza bolti gurudumu likiwa linaning'inia, unaufanya mkao wa kuning'inia kuwa ndio mkao wa kupumzika wa mpira. Gari likiteremshwa chini, mpira unakuwa umeshajipinda hata kabla ya kutembea, na kwa gari lililoshushwa unajipinda zaidi, kisha kila shimo linaongeza. Kwa hiyo alifunga kila kitu kwa kulegeza, akaliteremsha gari juu ya vipande vinne vya mbao nene ili apate nafasi ya kuingia chini, akamweka kijana wake kwenye kiti cha dereva, akalitikisa mbele na nyuma mpaka likakaa vizuri, ndipo akaingia na spana yenye kipimo na kukaza bolti za bushi moja baada ya nyingine mpaka spana ikalia. Kila bolti aliyoimaliza aliichora mstari kwa chaki.

Linki za stabilaiza alinishauri ninunue zinazoweza kufupishwa, kwa kuwa za mwanzo zilikuwa zimeusukuma mkono wa stabilaiza juu na kuufanya ugonge. Bushi za plastiki ngumu nilizokuwa nimezitamani alizikataa kwa gari la kila siku, kwa sababu zinapitisha mtetemo hadi ndani na zikikosa grisi yake zinalia. Nilikubali nikabaki na za mpira, na sijajuta.

Baada ya siku tatu za kuliacha lizoee nilikwenda kupima alaimenti, yaani mwelekeo na mkao wa magurudumu. Hapa wengi hukosea, wakipima siku ileile au wasipime kabisa. Kwenye RunX, gari likishuka, mikono ya usukani hubadilisha pembe yake na kuyafanya magurudumu ya mbele yasielekee sawasawa, na hilo hula tairi kwa haraka kuliko kule kuinama kwa gurudumu kuelekea ndani. Vyote viwili vilirekebishwa, cha kwanza kwenye taitrodi, yaani hiyo mikono ya usukani, na cha pili kwa bolti nyembamba zaidi pale shokapu inapokamata chuma kinachobeba gurudumu. Nyuma hakukuwa na la kurekebisha, kwa kuwa magurudumu yamefungwa kwenye bimu moja, yaani chuma kimoja kinachovuka toka upande hadi upande.

Sasa ni miezi minane. Gari likipita tuta hupanda mara moja, hushuka mara moja, basi. Kwenye mteremko wa Inyala, malori yakiwa mbele na nyuma, nikikanyaga breki pua haizami kama zamani, na nimekwenda nalo Iringa na kurudi likiwa na watu wazima wanne bila kusikia kishindo hata kimoja kutoka nyuma. Ugumu upo, na anayetaka kulifanya gari liwe kama godoro asinunue aina hii. Kwenye barabara za vumbi za mitaani, kwa mwendo mdogo, unaviona vijiwe vidogo vyote, na asubuhi za Juni na Julai, Uyole inapokuwa na baridi kali, gari huwa gumu zaidi kwa dakika kadhaa za mwanzo mpaka mafuta ya ndani yapate joto. Kwangu mimi hilo ni jambo la kuvumilika, na mke wangu, aliyekuwa akilalamikia mgongo tulipokuwa na zile za bei nafuu, hajalalamika tena.

Gharama nzima ilikuwa hivi: shokapu nne shilingi 860,000 pamoja na usafiri, bushi, linki, mauntini na mipira shilingi 310,000, ufundi shilingi 90,000 na alaimenti shilingi 30,000. Ni fedha nyingi kuliko nilizozitoa kununulia springi, na kama ningezitoa siku ileile nilipolishusha gari nisingenunua tairi mbili na shokapu za kutupa katikati. Anayetaka kushusha gari lake hapa kwetu ahesabu vyote kwa pamoja kabla ya kugusa springi, na asipite milimita 30, kwa maana zaidi ya hapo hata shokapu nzuri haina nafasi ya kufanyia kazi kwenye michepuko yetu. Kukata springi kwa grinda au kuzipasha moto kwa gesi sikutaji kama njia ya mkato, kwa kuwa moto unaua ugumu wa chuma na springi iliyokatwa inaweza kuchomoka kwenye kikalio chake gurudumu linaponing'inia.

Jumamosi iliyopita nilipima kina cha kashata za mbele kwa rula, ndani na nje, na tofauti haikufika milimita moja. Kilichobaki ni bushi mbili za bimu ya nyuma, ambazo ni za tangu gari linatoka kiwandani. Mzee ameshazitazama na kuniambia nizilete kabla ya mvua za Novemba.