GPS ya baiskeli: lipia kifaa, ramani chukua ya bure

Ukiwasha GPS mpya ya mkononi kwa mara ya kwanza, kinachokuvunja moyo ni ramani. Barabara kuu ipo, mto mkubwa upo, jina la mji lipo. Ile njia ya vumbi unayoipita kila Jumamosi haipo. Hapo ndipo wengi hukimbilia kununua ramani, tena kwa pesa nyingi. Nami nilikimbilia, na ramani yangu ikafa siku kifaa kilipokufa. Nitaieleza nikifika kwenye nafasi yake katika orodha yangu, ambayo ni ya mwisho.

Kabla ya ramani, tazama kifaa chenyewe. Maswali ni mawili tu: je, kinapokea ramani za ziada, na je, kina tundu la kadi ya microSD? eTrex 10 ya kampuni ya Garmin, kwa mfano, ni ngumu na haichoshi betri, lakini ramani za kina haipokei. Utafuata mstari juu ya skrini iliyo karibu tupu. eTrex 22x ina kumbukumbu ya ndani ya GB 8, tundu la kadi, na betri mbili za AA ambazo kwa vipimo vya mtengenezaji hufika saa 25. Ndugu yake 32x imeongezewa kipimo cha mwinuko kinachotumia shinikizo la hewa, pamoja na dira. Kipimo cha mwinuko kina faida kwa anayepanda milima. Dira si ya kuilipia kwa ajili ya baiskeli: ukiwa mwendoni, GPS yenyewe inajua unaelekea wapi. Dira husaidia ukiwa umesimama.

Sasa ramani, kwa mpangilio wangu, nikianza na ninayoipenda zaidi.

Ya kwanza, bila kusita, ni zile zinazotengenezwa kutokana na OpenStreetMap, mradi wa ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, ulioanzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast. Data yake ni huru, na watu wa kujitolea hugeuza data hiyo kuwa faili za .img ambazo vifaa vya Garmin husoma. OpenFietsMap na VeloMap zimechorwa kwa kumfikiria mwendesha baiskeli. OpenMTBMap ni ya wanaopenda njia za milimani. BBBike hukuruhusu kuzungushia eneo unalolitaka tu, kisha ikakuandalia faili. Nyingi huja na mistari ya kontua, yaani ile inayoonyesha mwinuko wa ardhi, na hesabu ya mwinuko mara nyingi imetoka kwenye vipimo vya rada vilivyochukuliwa na chombo cha anga Endeavour mnamo Februari 2000. Chombo hicho kilipima nchi kavu kati ya latitudo 60 kaskazini na 56 kusini tu, kwa hiyo anayeendesha kaskazini zaidi ya hapo aangalie kontua zake zimetoka wapi.

Kasoro yake iko wazi: pasipo na mtu aliyechora, hapana njia. Lakini hii ndiyo ramani pekee ambayo ukikuta pengo unaweza kuliziba mwenyewe jioni hiyohiyo, na matoleo yajayo yakaja na njia yako.

Kuipakia si kazi kubwa, ila kuna mitego. Tumia kadi isiyozidi GB 32 iliyoumbizwa kwa FAT32, mfumo wa kupanga faili kwenye kadi. Mfumo huo haukubali faili moja ya GB 4 au zaidi, kwa hiyo usijaribu kubeba bara zima kwa mkupuo. Tengeneza folda iitwayo Garmin, weka faili humo. Vifaa vya zamani hudai jina moja tu, gmapsupp.img, vipya havijali. Na kama kompyuta haikioni kifaa, shuku waya kwanza. Nilipoteza saa nzima na waya wa kuchaji ambao haukuwa na nyuzi za data ndani yake.

Ya pili ni ramani iliyokuja na kifaa. Soma maelezo ya boksi vizuri: TopoActive ya Garmin, kwa mfano, yenyewe imejengwa juu ya data ya OpenStreetMap. Kama unayo tayari, tembea nayo kwanza kabla ya kutafuta nyingine.

Ya tatu ni ramani ya kununua iliyo kwenye kadi. Inafaa pale ambapo taasisi ya taifa ya upimaji imefanya kazi ambayo watu wa kujitolea hawajaifikia, mfano Ordnance Survey ya Uingereza au IGN ya Ufaransa. Kadi unaihamisha ukibadili kifaa.

Ya mwisho ni ya kununua kwa kupakua, ambayo mara nyingi hufungiwa kifaa kimoja. Ndiyo iliyonipata. Kifaa kilipoingia maji, pesa ya ramani ikaenda nacho, na muuzaji akaniambia ninunue tena.

Ramani ikishakaa, zima nyingine zote za eneo hilo kwenye mipangilio. Mbili zikilaliana, moja huifunika nyingine, nawe utadhani ile mpya haikuingia.

Halafu kuna njia zenyewe, na hapa ndipo watu hupotea kweli. Faili ya GPX, ile inayohifadhi njia za GPS, inaweza kubeba traki au ruti. Traki ni nyayo: maelfu ya nukta zinazofuata kila kona. Ruti ni orodha ya vituo, na kifaa ndicho kinachoamua upite wapi kati yao. Niliwahi kupakia ruti niliyoipanga kwa uangalifu ipite mashambani. Kifaa kikaihesabu upya kwa sheria za gari na kunitupa kwenye barabara ya malori, upepo wa kila lori ukinisukuma kuelekea mtaroni. Tangu siku hiyo napakia traki tu. Naichora kwenye BRouter, programu ya kupanga njia ambayo ni bure na inaelewa baiskeli, naiteremsha kama traki, na kuiweka kwenye folda ya GPX iliyo ndani ya folda ya Garmin. Kwenye vifaa vya Edge, vile vya Garmin vya baiskeli, huwekwa kwenye folda ya NewFiles. Ukilazimika kutumia ruti, chagua baiskeli kwenye mipangilio ya safari na uzime kuhesabu upya, la sivyo kila ukichepuka kununua maji kifaa kitakubunia njia mpya.

Jambo dogo la betri: za kuchaji za NiMH zina volti 1.2, si 1.5. Kiambie kifaa aina uliyotia, la sivyo alama ya chaji itakudanganya na kukuzimikia katikati ya mteremko.