Tathmini ya Vinyl: maktaba inayolijua faili lilikotoka

Mtu anayejenga tovuti kwa JavaScript hufika mahali ambapo faili la kwenye diski halimtoshi. Hutaka kulisoma mara moja, kulipitisha kwenye hatua kadhaa za ukaguzi, upunguzaji wa ukubwa na ubadilishaji wa jina, kisha kuliandika mahali pengine, bila kuacha nakala za muda zikiwa zimetapakaa kwenye folda ya kazi. Vinyl ni maktaba ndogo iliyoundwa kwa ajili ya haja hiyo. Hulichukua faili na kuliwakilisha kama objekti moja iliyo kwenye kumbukumbu ya kompyuta, yenye maudhui, njia na metadata (taarifa kuhusu faili), na haijali kama faili hilo lilitoka kwenye diski, kwenye hifadhidata, kwenye seva ya mbali, au lilitungwa na programu yenyewe. Ilizaliwa pamoja na Gulp, chombo cha kujengea tovuti kilichoanzishwa na Eric Schoffstall mwaka 2013, na hutolewa kwa leseni ya MIT. Hata hivyo, anayetaka kuitumia halazimiki kuichukua Gulp yote, kwa kuwa inasakinishwa peke yake kutoka npm, ghala la mtandaoni la maktaba za JavaScript, na kwa wepesi wake haimalizi bando la mtu.

Nimeipima kwenye tovuti ya kikundi cha waongoza watalii wanaowapeleka wageni kwenye michoro ya miambani ya Kondoa, ile iliyoingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Kazi inafanyika Dodoma mjini, kwenye kompyuta ya Linux. Kurasa zimeandikwa kwa Markdown, yaani maandishi ya kawaida yenye alama chache za mpangilio, na picha zimepangwa katika folda kufuata maeneo yenyewe: Kolo, Pahi, Thawi. Tovuti ya namna hii haina hifadhidata wala seva inayofikiri. Ni mafaili yanayoingia upande mmoja na kutokea upande wa pili yakiwa kurasa, kwa hiyo udhaifu wowote wa kitu kinachoyabeba mafaili hayo huonekana upesi.

Objekti ya Vinyl huundwa kwa sifa chache: `cwd`, yaani folda ambamo kazi inaendeshwa, `base`, yaani mzizi ambao njia ya faili inahesabiwa kuanzia hapo, `path`, njia kamili ya faili, `stat`, taarifa zake za mfumo wa mafaili, na `contents`, maudhui yenyewe. Nyingine, kama `relative`, `dirname`, `basename`, `stem` na `extname`, zinakokotolewa kutokana na hizo. Kwa mfano:

    const picha = new Vinyl({
      cwd: '/kazi/kondoa',
      base: '/kazi/kondoa/picha',
      path: '/kazi/kondoa/picha/kolo/mwindaji.jpg',
      contents: data
    });

Hapo `picha.relative` itatoa `kolo/mwindaji.jpg`, na `picha.stem` itatoa `mwindaji`. Ukiibadilisha `extname` kuwa `.webp`, njia nzima inabadilika yenyewe. Ukijaribu kuiandika `relative` moja kwa moja, programu inasimama na kutoa hitilafu, kwa kuwa sifa hiyo ni zao la `base` na `path` na haina uhai wake peke yake. Vivyo hivyo, ukiiomba `relative` au `dirname` kwa objekti isiyo na njia, unapewa hitilafu badala ya jibu tupu. Ukali huu mimi naupenda. Kwenye maktaba nyingi za JavaScript thamani tupu husafiri kimyakimya hatua tano, ndipo ianze kuleta shida mahali ambapo hakuna anayekumbuka ilikoanzia.

Uhusiano wa `base` na `path` ndio unaoipa Vinyl thamani yake, na ndio unaowasumbua zaidi wanaoanza. Maktaba ya vinyl-fs, ambayo kazi yake ni kuyatoa mafaili kwenye diski kwa fanksheni `src` na kuyarudisha kwa `dest`, huipata `base` kutokana na sehemu ya njia inayotangulia alama za utafutaji. Ukiandika `src('picha/**/*.jpg')`, mzizi unakuwa `picha`, na faili la Kolo linapoandikwa kwenye folda ya `tovuti` hubaki ndani ya folda yake ndogo ya `kolo`. Lakini ukiyataja mafaili mawili kwa majina kamili, tuseme `picha/kolo/mtu.jpg` na `picha/pahi/mtu.jpg`, kila moja linapata mzizi wake, `picha/kolo` kwa la kwanza na `picha/pahi` kwa la pili. Kwa hesabu hiyo `relative` ya yote mawili ni `mtu.jpg`. Yakifika kwenye `dest('tovuti')`, moja linaandikwa juu ya jingine bila onyo lolote, kwa sababu kuandika juu ya faili lililopo ndiyo desturi ya kawaida ya `dest`. Mgeni anayefungua ukurasa wa Pahi anaweza kuletewa mchoro wa Kolo, na isipokuwa awepo mwongozaji anayeijua miamba hiyo kwa macho, hakuna atakayegundua.

Dawa yake ni fupi: taja `base` waziwazi katika `src` kila mara unapoorodhesha mafaili kwa majina. Sioni kuwa tabia hii ni kasoro ya Vinyl, maana objekti inafanya hesabu iliyoambiwa kuifanya. Ninachokilalamikia ni kwamba maelezo ya kanuni hii yamo katika nyaraka za Gulp zaidi kuliko katika nyaraka za Vinyl yenyewe, na anayeitumia Vinyl bila Gulp hana sababu ya kwenda kuyatafuta huko.

Sifa ya `history` haisemwi sana, nami naiona ni ya thamani. Kila `path` inapobadilishwa, njia mpya inaongezwa mwishoni mwa orodha hiyo na ya zamani haifutwi. Sifa ya `path` si kitu kingine ila njia ya mwisho katika orodha. Ukurasa ulioingia kama `thawi.md`, ukawa `thawi.html`, kisha ukahamishiwa `thawi/index.html`, bado unaweza kuulizwa ulianza ukiwa faili gani, na jibu liko kwenye `history[0]`. Sisi tunaitumia kuweka chini ya kila ukurasa kiungo kinachomwonyesha mhariri faili la Markdown analopaswa kulisahihisha. Hakuna programu-jalizi iliyohitajika kwa kazi hiyo.

Nikifika kwenye metadata, sifa zangu zinapungua. `stat` hubeba taarifa zilizosomwa kwenye diski wakati faili lilipochukuliwa: ukubwa, ruhusa, tarehe ya kubadilishwa na kadhalika. Kuanzia hapo Vinyl haizisimamii tena. Ukiyabadilisha maudhui yakawa nusu ya yalivyokuwa, `stat.size` inabaki na ukubwa wa zamani; na objekti uliyoiunda mwenyewe kwenye programu, bila kuipa `stat`, inabaki na `null`, yaani tupu, mahali hapo. Ni kama lebo iliyobandikwa kwenye kreti la zabibu shambani Hombolo, ambayo haibadiliki hata kreti likipunguzwa njiani. Ni uamuzi unaoeleweka, kwa kuwa objekti isiyojua inatoka diski gani haiwezi kudai kujua ukubwa wake wa diskini. Tatizo linaanza pale taarifa hizo za zamani zinapoandikwa tena.

Kwenye Linux, `dest` inapomaliza kuandika faili hulinganisha ruhusa na tarehe zilizo kwenye `stat` na zile za faili jipya, na zikitofautiana hulifanya faili jipya lifuate `stat`. Kwenye Windows hatua hiyo haifanyiki. Matokeo yake ni kwamba ukurasa uliojengwa leo hupewa tarehe ya faili la Markdown ambalo huenda lilihaririwa mara ya mwisho msimu uliopita. Kama ni kiolezo cha kurasa tu kilichobadilika, kurasa zote hutoka na sura mpya na tarehe za zamani, na chombo chochote cha kupeleka mafaili kwenye seva kinachoamua kwa kutazama tarehe kitaona hakuna jipya na kuziacha zilivyo. Anayejua hili huongeza hatua moja kabla ya `dest`, ya kuweka `file.stat.mtime = new Date()`, na mambo yanakaa sawa. Asiyejua ataitafuta hitilafu kwenye seva, ambako haiko. Kwa maoni yangu desturi ingekuwa kinyume: faili ambalo maudhui yake yameguswa lipewe tarehe mpya, na anayetaka ya zamani aiombe.

Kwenye maudhui, Vinyl inakubali aina tatu: bafa, mkondo (maudhui yanayopita kidogokidogo) na `null`. Fanksheni `isBuffer()`, `isStream()` na `isNull()` zinakueleza umeshika ipi. Bafa ndiyo ya kawaida, na maana yake ni kwamba faili zima limo kwenye kumbukumbu. Kwa picha na kurasa hilo halina neno. Kwa video ndefu za mahojiano na wazee wa Kondoa lina neno kubwa, hasa kwenye kompyuta ya kawaida ya ofisini. Hapo `buffer: false` hukupatia mkondo, ingawa programu-jalizi nyingi zilizoandikwa kwa ajili ya Gulp zinakubali bafa peke yake. Kwa mafaili yanayohitaji kunakiliwa tu bila kuguswa, mkondo unafaa kabisa.

Pamoja na hayo ipo tahadhari ambayo kila anayehamia Gulp 5, iliyotoka Machi 2024, anapaswa kuifahamu kabla hajaligusa folda la picha. Katika toleo hilo vinyl-fs huyachukulia mafaili yote kuwa maandishi ya UTF-8, usimbaji wa kawaida wa herufi, isipokuwa iambiwe vinginevyo. Picha za JPEG si maandishi, na zikipita huko zinaharibika: faili linaandikwa, jina ni sahihi, njia ni sahihi, na kivinjari hakiwezi kulifungua. Inatosha kuweka `encoding: false` kwenye `src` ya picha, fonti, video na faili lolote lisilo la maandishi. Nia ya mabadiliko hayo, yaani kuyashughulikia vizuri maandishi ya usimbaji mbalimbali, ni njema, ila kuwabebesha mzigo wake watu wote wenye picha ni jambo ambalo sijashawishika nalo. Kwa haki, objekti ya Vinyl haihusiki: ukiiunda mwenyewe na kuipa bafa, baiti zake hazibadilishwi hata moja.

Unaweza pia kuiongezea objekti sifa zako mwenyewe. Sisi tunaweka `file.data`, ambayo ndani yake mna jina la eneo, mpigapicha na kama picha imeruhusiwa kuchapishwa. Sifa hizo hunakiliwa pia unapoita `clone()`, kwa kina, isipokuwa ukiomba `deep: false`. Uhuru huo hauna uzio wowote, na programu-jalizi mbili zikichagua jina lilelile, ya mwisho inashinda. Wenye kazi ya watu wengi wakubaliane majina mapema.

Swali la mwisho ni kama kuna kingine cha kutumia, na kwa maandishi kipo: vfile, inayotumiwa na unified, familia ya maktaba ya Titus Wormer, ambamo zimo remark ya Markdown na rehype ya HTML. Nayo ina `path`, `history` na `cwd`, na sifa za mtumiaji zina mahali pake pamoja paitwapo `data`. Pale inapoizidi Vinyl ni kwenye orodha ya `messages`, ambamo kila kasoro ya maandishi hurekodiwa pamoja na mstari na safu ilipotokea, kiasi kwamba mhariri anaambiwa hasa aende wapi. Haina mkondo, haina `stat` na haina `base`. Kuanzia toleo la 5 inatumika kwa moduli za ESM, mfumo mpya wa moduli wa JavaScript, peke yake, jambo linaloweza kuwakwaza wenye miradi ya zamani.

Kwa mwanafunzi wa kompyuta pale UDOM anayejenga chombo cha kukagua insha au nyaraka, ningemwambia aanze na vfile bila kusita. Kwa tovuti yenye picha, mitindo na kurasa pamoja, Vinyl inabaki chaguo langu, na kurasa za Markdown peke yake ndizo ninazozikabidhi kwa vfile katikati ya safari. Fanksheni ya kugeuza moja kuwa nyingine haizidi mistari michache: `contents` inakuwa `value`, `cwd` na `history` zinahamishwa zilivyo, na `base`, ambayo vfile haiijui, inawekwa ndani ya `data` ili ipatikane wakati wa kurudi.