Kupima homa ya ini B na C: kipimo cha haraka au ELISA?

Swali hili halikomi: mgonjwa akija, apimwe homa ya ini kwa kipimo cha haraka au kwa ELISA (kipimo cha maabara kinachosomwa kwa mashine)?

Kwa gharama na muda, cha haraka kinashinda. Tone la damu ya kidole, dakika 15 hadi 20, na majibu yanasomeka mgonjwa akiwa bado kwenye benchi. ELISA inataka mashine, friji, umeme wa uhakika na mtaalamu wa maabara. Sahani yake ina vishimo 96, kwa hiyo maabara ndogo husubiri sampuli ziwe nyingi, na mgonjwa wa kijijini ameshapanda basi kurudi kwao.

Kwa uhakika, ELISA iko mbele: hunasa hata kiasi kidogo cha protini ya kirusi B ambacho kipimo cha haraka hukikosa. Kwa damu ya kuchangia, binafsi nisingekubali pungufu ya hapo.

Kwa homa ya ini C, vyote viwili vikitafuta kingamwili (protini za kinga ambazo mwili hutengeneza dhidi ya kirusi, na hubaki hata baada ya kupona) haviwezi kumtofautisha mwenye kirusi na aliyekwisha kupona. Lazima kipimo cha RNA, kinachotafuta vinasaba vya kirusi chenyewe, kifuate; mwambieni mgonjwa hivyo kabla hajakata tamaa.

Zahanati ambayo umeme hukatika ianze na cha haraka. Hospitali yenye benki ya damu itafute ELISA.