TAHADHARI: MUUZA GIABOKSI WA NGAMIANI, TANGA

Watu wa Tanga, mwenye gari ya oto (inayojibadilishia gia yenyewe) asome hii kabla hajapeleka hela yake Ngamiani. Nina hasira mpaka mikono inatetemeka.

Carina yangu, Toyota ya oto, mnaijua, na ile safari ya Pangani iliyoijaza tope jekundu mnaijua, sirudii. Baada yake throto, mlango wa kuingizia hewa kwenye injini, ikasafishwa, na tangu hapo ilikuwa inavuma kwenye gia ya pili, mshale wa mizunguko ya injini unapanda mpaka elfu nne, ndipo inaingia ya tatu kwa kishindo utadhani imegongwa nyuma. Nikampelekea yeye. Kwa nini yeye? Shemeji ndiye aliyenielekeza. Duka limejaa spea hadi darini, na nilimkuta anamkimbilia mzee mmoja barabarani kumpa chenji yake aliyoisahau. Mtu wa hivyo utamdhania nini?

Sasa sikilizeni. Gari imezimwa, boneti juu. Akatoa kitambaa cheupe mfukoni, akavuta kijiti cha kupimia mafuta, akakipangusa taratibu huku ananitazama usoni. Kitambaa cheusi tii. Akanisogezea puani: "Nusa, dada. Giaboksi imeungua hii. Ukifika nayo Pongwe, mshukuru Mungu." Vijana wake wakatikisa vichwa, mmoja akaniambia pole. Pole! Akanionyesha giaboksi sakafuni inang'aa, eti imeshuka juzi kutoka Japani. Laki saba na nusu, kufunga humo humo. Nisikae juani, gari italetwa.

Ikaletwa jioni, imeoshwa, na gia zinaingia laini. Nikawatambia mpaka majirani, leo napita kwao nimejifunika mtandio.

Juzi fundi wa Muheza kaingia chini kubadilisha buti ya ekseli, ule mpira wa kuifunika, akaniuliza, "Nani kaipaka rangi giaboksi yako?" Akakwangua kwa bisibisi. Rangi ya fedha ikabanduka, chini yake tope jekundu limekauka, la Pangani lile lile! Bolti zina kutu, hazijaguswa na spana. Kilichoguswa ni kebo inayotoka kwenye throto kwenda giaboksi. Nati zake zina alama mbichi. Kumbe siku ile ya kusafisha throto kebo hiyo ilikazwa kupita kiasi, ndiyo maana gia zilichelewa. Muuzaji yule akailegeza tu, akapaka rangi, akala laki saba na nusu. Na kijiti alichoninusisha kilikuwa cha oili ya injini, ambayo ikishatumika huwa nyeusi!

Huyu gereza la Maweni linamfaa. Na wale vijana wa "pole" nao wafungwe, duka lipigwe kufuli, hela za watu zirudi. Shemeji naye tutaongea, si hapa.

Haya, muwe macho. Mafuta ya giaboksi ya oto kwa kawaida ni mekundu, na Toyota hizi hupimwa injini inawaka, imepata moto, gia ikiwa P, ya kuegesha. Anayekupimia hizi gari imezima anakuchezea. Giaboksi ya zamani dai uione, andika namba ya mpya. Mengine fundi wangu kayataja, hasira zimenisahaulisha.

Mwenye risiti ya duka hilo anitumie inbox. Jumatatu asubuhi nipo kituo cha polisi cha Chumbageni, na sitaki kwenda peke yangu.