Gemu ya bao iliyomsafirisha baba yangu bila kumuuliza

Nilimnunulia baba kifaa kidogo cha gemu ambacho ndani yake kuna bao la Kiswahili, kwa sababu tangu alipougua hawezi tena kushuka barazani Magomeni alikokuwa akicheza kila jioni na wenzake. Kioo na betri sina neno navyo. Mwanzo ulinifurahisha, kwani mpangilio ulikuwa sahihi kabisa: kete 6 nyumbani (lile shimo maalumu la kuwekea akiba), mbilimbili katika mashimo mawili ya pembeni yake, na 22 mkononi kwa kila mchezaji. Hata mlio wa kete zikidondoka shimoni ulimfanya baba atabasamu.

Kisha ikafika namua moja, yaani zamu ya kuingiza kete ya mkononi, ambayo hadi leo siwezi kuisahau. Baba alikuwa amelea nyumba yake kwa uvumilivu hadi ikafika kete 14. Alikula, akapeleka kete kutoka kichwani, shimo la mwisho la safu ya mbele, na ya mwisho ikaangukia nyumbani, huku shimo la mpinzani lililoelekeana nayo likiwa tupu. Kila anayelijua bao anafahamu kwamba hapo mwenye nyumba ndiye anayeamua: alale, yaani aishie hapo na kuihifadhi akiba yake, au asafiri nayo. Gemu haikuuliza. Iliizoa nyumba nzima na kuitawanya, na zamu iliyofuata mashine ikala karibu kila kilichotawanywa. Baba alikilaza kifaa juu ya godoro, akaniuliza, "Mwanangu, mbona imenichukulia nyumba?" Sikuwa na la kumjibu.

Nilirudi Kariakoo kwenye duka nililokinunua, nikamweleza muuzaji kwa utulivu kosa lilipo. Hata hakuinua macho kutoka kwenye simu yake. "Kaka, gemu haikosei. Labda mzee wako ndiye hajui bao." Mzee aliyewafundisha bao nusu ya vijana wa mtaa wetu! Niliondoka nikitetemeka kwa hasira, na nilikuwa nimeazimia kuandika hapa kwamba mtu yeyote asikinunue.

Hata hivyo, lazima nikiri kwamba zikishaisha kete za mkononi na mchezo ukaingia hatua ya pili, mtaji, gemu inacheza vizuri na inasumbua kweli, na baba huniomba nimpe kila usiku akikosa usingizi. Kwa mgonjwa asiye na mwenzake wa kucheza naye, hilo si jambo dogo, na kwa siku kadhaa nilikaribia kuisamehe.

Lakini juzi nilikaa kando ya kitanda nikamtazama akicheza. Sasa kabla ya kila namua anahesabu mara mbili, si kutafuta pa kula, bali kuhakikisha kwamba kete ya mwisho haiangukii nyumbani. Aliacha mlo wa kete 9 uliokuwa wazi mbele yake. Fedha yangu naitaka irudi.