Utepe wa LED wa volti 12 kwa nyumba za reli ya mfano: bei nafuu, mwanga wa kupunguza

Anayejenga mji mdogo kando ya reli ya mfano ya kipimo cha HO (1:87) hana haja ya seti za taa zinazouzwa kwa nyumba moja moja. Roli moja la utepe wa LED wa volti 12, ule ule ambao mafundi huubandika kwenye dari za jipsamu, linamtosha mji mzima. Roli la mita 5 lenye taa 60 kwa mita hukatika kila baada ya taa tatu, yaani kila sentimita 5, kwenye alama ya mkasi. Hivyo unapata vipande 100, na duka au kituo cha treni huhitaji kimoja au viwili tu.

Kabla ya kulipa, angalia mambo mawili. Rangi iwe nyeupe ya joto, kelvini 2,700 hadi 3,000. Ile nyeupe ya baridi huifanya kila nyumba ionekane chumba cha upasuaji. Pili, usichukue utepe uliofunikwa silikoni ya kuzuia maji, kwani utahangaika kuikwangua kabla ya kulehemu.

Kasoro kubwa ya bidhaa hii ni kung'aa kupita kiasi. Chukua aina ya 3528 (taa za milimita 3.5 kwa 2.8): kila kipande kina rezista, kijisehemu cha kupunguza umeme, ya omu 150 (imeandikwa 151) na hula takriban miliampia 20 kwa volti 12. Kwa nyumba ya kimo cha kiganja, hiyo ni kurunzi. Dawa yake ni kuongeza rezista ya omu 1,000, ya robo wati, kwenye waya wa chanya wa kila nyumba. Umeme hushuka hadi miliampia 3 hivi, na dirisha linafanana na la sebule yenye watu. Hata bila rezista hizo, adapta ya volti 12, ampia 1, hubeba vipande 40 pasipo kulemewa.

Adapta hiyo iwe ya taa peke yake. Ukivuta umeme kutoka kwenye reli za mfumo wa kawaida wa DC (umeme wa mkondo mmoja, ambao volti zake ndizo huongoza kasi ya treni), taa zitapanda na kushuka na mwendo wa treni, na treni ikirudi nyuma zitazimika kabisa kwa sababu chanya na hasi vimebadilishana.

Gundi ya mgongoni haiaminiki; ongeza tone la gundi ya moto kila ncha. Wakati wa kulehemu, paka risasi kwanza kwenye waya na kwenye kituo cha shaba (kile kidoa cha kuungia waya penye alama ya mkasi), kisha viunganishe upesi. Ncha ya moto ikikaa zaidi ya sekunde mbili tatu, shaba hubanduka na kipande hicho ni cha kutupa.

Kinachoharibu kazi mara nyingi si taa bali kuta. Plastiki ya nyumba hizi hupitisha mwanga, jengo zima likawaka kama taa ya karatasi. Paka ndani rangi nyeusi, ikauke, kisha nyeupe juu yake ili mwanga urudi chumbani. Ziba pembe na maungio ya paa kwa vipande vya kadibodi nyeusi. Foili ya jikoni inaziba vizuri pia, ila ikigusa vituo vya shaba ni shoti. Gawa vyumba kwa kadibodi na uache vingine gizani. Hakuna mtaa ambao kila chumba kinawaka saa nne usiku.

Balbu ndogo za waya za zamani zina mwanga mtamu, lakini huzalisha joto linaloweza kukunja paa la plastiki, na huungua.

Kwa taa za barabarani na vibanda vya kipimo cha N (1:160), kipande cha sentimita 5 ni kikubwa mno. Huko tumia LED ndogo za 0603 zilizokwisha kuungwa nyaya, kila moja na rezista ya omu 1,800: volti 12 ukitoa 3 zinazotumiwa na LED yenyewe zinabaki 9, na kwa omu hizo utapata miliampia 5. Ukiiunganisha bila rezista, inaungua papo hapo.