Haki jinai katika chuo cha jamii, California: uzoefu wangu wa yuniti 60

Nimesoma yuniti zote 60 (yuniti ni kipimo cha uzito wa somo) za haki jinai katika chuo cha jamii, yaani chuo cha miaka miwili, hapa California, na kwa maoni yangu fedha na muda vinalipa kwa mtu anayejua mapema anaelekea wapi. Asiyejua huweza kupoteza muhula mzima, na kosa lenyewe hufanyika siku ya kujiandikisha.

Kwanza jina. Vyuo vingi vya hapa huliita somo hili Administration of Justice, kwa hiyo ukitafuta Criminal Justice kwenye orodha unaweza kudhani halipo. Pili, aina ya shahada. Ile ya AS-T, shahada ya miaka miwili ya kuhamia, imepangwa kwa ajili ya kuhamia CSU, yaani mfumo wa vyuo vikuu vya jimbo: ukimaliza na wastani wa alama usiopungua 2.0 kati ya 4.0 una uhakika wa nafasi, unaingia mwaka wa tatu. Uhakika huo ni wa mfumo, si wa kampasi unayoipenda wewe. San Diego na Long Beach, kwenye waombaji tele, wanaweza kukukatalia. AS ya kawaida inalenga ajira, na masomo yake mengine huenda yasihesabiwe ukihamia. Kabla ya kulipa, fungua ASSIST.org uangalie kila somo linapokelewa wapi. Na Takwimu usiikimbie: mara nyingi inahesabiwa kama hisabati ya lazima na pia kama somo la fani.

Ada ni dola 46 kwa yuniti kwa mkazi wa jimbo, hivyo yuniti 60 ni dola 2,760. Kwa kawaida ukazi unahitaji mwaka mmoja na siku moja. Kabla ya hapo ada huwa kubwa zaidi mara kadhaa. Jaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali ya shirikisho, kama wewe ni raia au una green card (kibali cha ukazi wa kudumu), na uombe California College Promise Grant, inayofuta ada yenyewe kwa wenye kipato kidogo. Vitabu na nauli bado ni juu yako.

Masomo yaliyonipa faida kubwa ni Sheria ya Jinai, Sheria ya Ushahidi na uandishi wa ripoti. Kila kesi unaiandikia muhtasari: yaliyotokea, swali la kisheria, uamuzi, sababu. Chukua Terry dhidi ya Ohio ya 1968. Mpelelezi wa Cleveland aliona wanaume wakipita na kurudi mbele ya duka moja wakichungulia dirishani, akawapapasa juu ya nguo na kukuta bastola. Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema kupapasa kutafuta silaha kunatosheka na shuku yenye msingi, mradi askari ataje mambo mahususi aliyoyaona. Kukamata kunahitaji kiwango cha juu zaidi. Wanafunzi wengi huangukia hapo: wanavichanganya viwango hivyo viwili na jibu zima linaharibika.

Kwenye ripoti, "alikuwa amelewa" ni hitimisho, halikubaliki. Andika ulichokiona: alishika mlango wa gari kwa mikono miwili asianguke, macho mekundu, harufu ya pombe nikiwa umbali wa futi tatu. Sisi Waswahili tuna mitego yetu miwili. Saa huandikwa kwa mfumo wa 24, kwa hiyo saa 5:40 usiku ni 2340. Ukiandika kwa mazoea, tukio linahama kwa saa sita. Halafu "yeye" wetu hana jinsia, na kwa Kiingereza tunachanganya he na she. Katika ripoti yenye mume na mke waliopigana, kosa hilo moja linageuza mshambuliaji kuwa mshambuliwa. Andika jina la ukoo kila mara.

Shahada hii haikufanyi askari. Mafunzo ya polisi ni kozi ya pekee, isiyopungua saa 664, na umri wa kuajiriwa ni miaka 21. Tangu 2023 California haidai uraia kwa askari wake, kibali cha kazi kinatosha kisheria; FBI bado inataka raia. Uchunguzi wa historia yako utagusa madeni, leseni ya udereva na dawa za kulevya. Faini ya zamani inaelezeka, kuificha ndiko kunakokuondoa.

Kuhusu mzigo: yuniti 3 ni saa 3 darasani na kama 6 nyumbani kwa wiki, hivyo yuniti 15 ni saa 45. Anayefanya kazi ya zamu achukue 9. Mwenye F-1, viza ya mwanafunzi wa kigeni, analazimika kuchukua 12. Sheria ya Ushahidi usiichukue katika muhula mfupi wa wiki nane, kwa sababu kesi zinarundikana kabla hujazoea kuziandikia muhtasari.